Beringi Nne

Aliyenipigia simu tulisoma naye chuo, na kwa kawaida hunitafuta kwa mambo mawili tu, sikukuu na misiba. Alisema mama yake Hawa wa Kinole amefariki, wamemzika jana alasiri, na akaniuliza kama nitakwenda, "maana wewe na Hawa mlikuwa kama mtu na dada yake." Nikamjibu kwamba nitakwenda. Kisha nikakaa kitandani na simu mkononi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, uso ukinichoma kana kwamba nimekamatwa sasa hivi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaambia watu kwamba nilisomea umeme Morogoro. Wanangu nimewasimulia mvua za kule, matunda ya kule, hata chumba nilichopanga. Mwaka wenyewe sijawahi kumsimulia mtu yeyote mpaka mwisho wake.

Chumba chetu kilikuwa uani, katika nyumba ya vyumba sita, upande unaotazama milima. Kilikuwa na kitanda kimoja cha futi tatu na nusu, meza yenye mguu mmoja wa kuungwa, na dirisha la nondo ambalo ukilifungua asubuhi ukungu wa Uluguru unaonekana umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chini. Darasa letu la umeme lilikuwa na wasichana wawili tu, mimi na Hawa, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyotufanya tupange pamoja. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, nimezoea kusema mbele za watu. Yeye alikuwa Mluguru wa Kinole, mpole, anayezungumza Kiswahili chenye mawimbi ya kwao, na akiulizwa swali darasani alijibu kwa sauti ambayo mwalimu alilazimika kuinama ili aisikie. Wavulana walimwiga namna alivyoivuta silabi ya mwisho. Mimi nami nilicheka, tena nikiwa nimeketi ubavuni mwake.

Kila baada ya wiki mbili mama yake alishuka mjini na mzigo wa ndizi, magimbi na machungwa, na vijiti vya mdalasini vilivyofungwa kwa ukindu. Alivigawa sakafuni mafungu mawili yanayolingana. "Hili la Hawa, hili la Stela." Sikuwahi kumwona akikosea, wala kuchagulia fungu la bintiye ndizi zilizonona zaidi. Kisha aliwasha jiko la mkaa nje ya mlango na kutupikia ndizi mbichi kwa nazi, akiweka mdalasini kidogo kwenye chai, na sisi tulikula mpaka tukawa hatuwezi kuinama. Siku moja, akiwa anaosha sufuria, aliniambia, "Mwanangu Stela, huyu mwenzio haongei. Tangu mdogo haongei. Nakuomba umsemee." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ukuta wetu na wa jirani haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo mazungumzo yao yote yalikuwa yetu. Mume alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Mkewe, Mama Neema, alikuwa ameanza kuuza mitumba. Tukiwa tunakula tulimsikia mume akisema, "Miaka kumi na minne nimesimama kwenye ile mashine, leo wananiambia nijiajiri." Na mkewe anajibu, "Basi nisaidie kubeba belo." Halafu kijiko kikigonga sahani. Sokoni vitu vilikuwa vimejaa ghafla. Sabuni za rangi, redio za kaseti, viatu vya mtu aliyekufa Ulaya, kama tulivyokuwa tukiviita. Tulikuwa tumekua tukipanga foleni ya sukari, na sasa tulitembea katikati ya vitu hivyo na mikono mitupu, tukivitazama tu.

Siku moja Mama Neema alifungua belo uani na badala ya nguo za watoto akakuta midoli. Katikati ya midoli hiyo mlikuwa na gari la rimoti, pikapu nyekundu yenye matairi makubwa, urefu wake kama kandambili ya mtu mzima. Halikuwaka. Hawa alikuwa ametoka kumtengenezea pasi yake, na Mama Neema akampa gari lile kama shukrani. Hawa alilifungua mezani kwa bisibisi ya chuo, akakuta waya mmoja umeachia, akauchomelea. Tulipoliwasha likakimbia sakafuni, likagonga ukuta, tukacheka kama watoto. Jumapili tukalipeleka mtoni, mahali maji yanaposhuka kutoka mlimani na kuacha majabali makubwa wazi, akina mama wakifua juu kidogo. Kwenye jiwe la kwanza tu gari lilipinduka chali, matairi yakizunguka hewani.

Hawa alichuchumaa akalitazama muda mrefu. "Ni zito juu," alisema. "Na matairi ni magumu. Halishiki."

Kuanzia hapo nilimwona Hawa mwingine. Betri zilikaa mgongoni mwa gari, akazihamishia chini ya tumbo, akizifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Kwa mziba pancha wa barabara ya Dodoma aliomba vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye ringi kubalansi matairi, vile vilivyokwisha kudondoka, na akavifunga kwa waya ndani ya magurudumu ya mbele, kwa sababu, alisema, gari likipanda huwa linataka kulalia nyuma, kwa hiyo uzito lazima uvutwe mbele na uwe chini. Matairi aliyachana kwa wembe ndani, akatoa plastiki ngumu iliyokuwa mle, akajaza sponji ya godoro letu wenyewe, tuliyoikata pembeni mahali ambapo miguu haifiki. Baadaye tairi lilipokanyaga jiwe lilibonyea, likalikumbatia. Springi zilizokuwa ngumu akazitoa, akaweka springi za kalamu za bonyeza, mbili mbili kila gurudumu. Kisanduku kinachopokea mawimbi ya rimoti alikivika puto na kuliziba kwa nta ya mshumaa ili kisilowe. Gia alizipaka grisi. Hakuna alichonunua. Kila alipobadili kitu kimoja tulirudi mtoni kujaribu, naye alikataa kabisa kubadili viwili kwa wakati mmoja. "Likifanya vizuri utajuaje ni kipi kimesaidia?" aliniuliza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo.

Mimi nilishika rimoti. Hapo ndipo nilipokuwa na ujuzi, vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Na kwa kuwa mwenye rimoti ndiye anayeonekana, watu waliokusanyika pale mtoni walinipongeza mimi. "Dada, gari umelifanya nini?" Mwanzoni nilisema "tumelifanya." Baada ya wiki kadhaa nikawa nasema "nimelifanya," nikieleza habari za uzito na sponji kwa maneno yale yale ya Hawa, huku Hawa amekaa juu ya jiwe nyuma yangu akikausha puto kwa upindo wa kanga. Nilijiambia kwamba yeye hapendi kuulizwaulizwa. Hilo lilikuwa kweli, na nilijificha nyuma ya ukweli huo.

Kulikuwa na kijana anaitwa Faraji, baba yake alikuwa na mabasi, ambaye alikuja mtoni na gari jipya lililotoka Dar likiwa ndani ya boksi lake. Mwenye duka moja la redio karibu na soko alipoona watu wanavyojaa, akatangaza shindano. Gari litakalopanda majabali saba bila kuguswa, mwenye nalo atapata redio ya kaseti. Faraji alilifungua gari lake mbele yetu kwa majivuno. "Hili lina beringi kila gurudumu," alisema. "La kwenu lina matundu ya plastiki. Mtafika wapi?"

Neno beringi likanikaa kichwani. Nilimwambia Hawa ni lazima tupate beringi. Alitikisa kichwa. "Gari la kupanda halikimbii," alisema. "Grisi inatosha. Ukitaka tubadili kitu, tupunguze gamba la juu." Sikumsikiliza. Wiki ile ilikuwa zamu yetu ya usafi wa karakana, mimi na yeye, na majina yetu yalikuwa yameandikwa ukutani. Ijumaa Hawa alipanda Kinole kumsaidia mama yake kuvuna, nami nikafagia peke yangu. Ndani ya kabati la Mwalimu Kibwana, aliyetufundisha umeme, mlikuwa na mota mbili ndogo za kufundishia, zilizofunguliwa ubavu ili mwanafunzi aone ndani. Kila moja ilikuwa na beringi mbili ndogo kama vifungo vya shati. Nilizitoa zote nne. Sikutetemeka wala sikutazama mlango. Ninapokumbuka siku hiyo, utulivu ule ndio unaonitisha kuliko wizi wenyewe.

Nilizibana kwenye gari kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nikazibana vibaya. Hawa aliporudi Jumapili alizungusha gurudumu moja kwa kidole, likayumba. Akazungusha la pili.

"Umezipata wapi?"

"Kwa fundi mmoja Mji Mpya."

Aliniangalia kidogo. "Haya," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuona gurudumu linayumba, akazitoa na kuzifunga upya vizuri, kwa uzi uliopakwa nta, kwa mafundo yake madogo yaliyolingana.

Tulishinda. Gari la Faraji lilikimbia hadi jabali la nne, likateleza na kuangukia majini. Letu lilipanda polepole kama kobe, likibonyea na kujivuta, hadi la saba. Hata mimi nilijua kwamba beringi hazikuwa na mchango wowote. Vilivyoliinua gari hadi juu ni risasi ya mziba pancha na godoro letu. Mwenye duka aliponipa redio aliuliza jina langu mbele ya watu wote, nikataja moja tu, langu.

Wakati huo chuoni mota zilikuwa zimekwisha kugundulika kwamba hazizunguki. Mtihani wa vitendo ulikuwa umeahirishwa, na mtunza stoo, mzee mmoja mwenye watoto wadogo, ambaye vifaa vyote vya karakana vilikuwa mikononi mwake, alikuwa amesimamishwa kazi. Nilikutana naye mara moja barabarani akitembea na baiskeli badala ya kuipanda. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba binti, someni." Bado sikusema.

Wiki moja baada ya shindano Mwalimu Kibwana alituagiza tulilete gari darasani. Alikuwa mtu wa haki, mkali kwa wavivu, na alifurahi kweli kwamba wanafunzi wake wametengeneza kitu. Aliliweka mezani, akaliinua gamba, akatuita tuzunguke. "Tazameni," alisema. "Uzito uko chini. Uzito uko mbele. Huyu amefikiri. Stela, waeleze wenzako kwa nini umejaza sponji." Nikaeleza. Aliuliza kuhusu puto, nikaeleza. Hawa alikuwa amesimama upande wa pili wa meza akitazama mikono yake. Kisha mwalimu akachomoa gurudumu la mbele ili aonyeshe springi. Akalipeleka dirishani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliporudi mezani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Stela. Hizi beringi umezitoa wapi?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilifikiri chochote kabla ya kujibu. Sidhani. Jibu lilikuwa tayari, kama maji yaliyokuwa yakisubiri bomba lifunguliwe.

"Mimi naendesha tu, mwalimu," nilisema. "Mambo yote ya ndani ya gari ni kazi ya Hawa."

Miezi yote ile nilikuwa nimemnyima sifa hiyo. Nilimpa siku ile, mbele ya darasa zima, na kila neno katika sentensi yangu lilikuwa kweli isipokuwa lile nililolikusudia.

Mwalimu akamgeukia. "Hawa, ni kweli?"

"Gari nimelitengeneza mimi," Hawa alisema.

"Na hizi beringi?"

Alininyanyulia macho. Hakuwa na hasira. Alinitazama jinsi alivyokuwa akilitazama gari likiwa limenasa katikati ya jabali, akisubiri kuona kama litajivuta. Mimi nikatazama ubao. Ilipita dakika nzima, au hivyo ndivyo ninavyoikumbuka.

"Nimezifunga mimi," alisema mwishowe.

Wavulana wakaguna. Mwalimu alimuuliza tena, na tena, kama anayemwomba aseme jambo jingine, lakini hakuongeza neno. Siku iliyofuata mkuu wa chuo alimfukuza. Mtunza stoo akarudishwa kazini. Watu wakasema haki imetendeka, na wengine wakasema wale wakimya ndio wa kuogopa.

Mama yake alikuja kumchukua. Nilikuwa nimepanga kutokuwepo, lakini alifika mapema kuliko nilivyotazamia na kunikuta nikinywa chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda, juu ya ile pembe iliyokatwa sponji. Hawa alikunja nguo zake ndani ya kanga. Wakati wa kuondoka mama aligeuka mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu Stela, nisamehe," alisema. "Huyu mwenzio amekuaibisha, na wewe umeishi naye vizuri."

Nikamwambia, "Hamna shida, mama." Ndivyo nilivyojibu. Alikuwa ameshuka na fungu moja la ndizi, langu, kwa kuwa bintiye alikuwa anarudi nyumbani na hakulihitaji. Wiki ile nzima nilizichemsha na kuzila. Upande wa pili wa ukuta Mama Neema alimwambia mumewe, "Yule mtoto hakuwa na sura ya wizi." Mumewe akajibu, "Sura ya wizi ikoje?" Nilikuwa nimeshika ndizi mdomoni. Nikaitafuna, nikaimeza.

Nilimaliza chuo na kupata cheti. Nikaajiriwa, nikaolewa, nikaishi. Kuna miaka mizima niliyopitisha bila kumkumbuka Hawa, na kuna siku nilizomkumbuka nikiwa nimesimama jikoni, nikaacha maji yakachemka mpaka yakakauka. Mara mbili nilifika Morogoro kwa shughuli nyingine. Kinole haiko mbali. Mara zote mbili nilisema barabara ni mbaya.

Safari hii nilipanda. Nilifika siku ya tatu ya msiba, nikavua viatu, nikaingia kati ya wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka, nikawaamkia wakubwa na kuwapa pole. Wakauliza mimi ni nani. Mama mkubwa wake Hawa, bibi mmoja mzee sana, akasema, "Ndiye Stela. Yule mwenzake wa mjini. Marehemu alikuwa akimtaja." Wakanisogezea nafasi, wakaniletea chai. Sikuweza kuinywa. Niliinuka nikamtafuta Hawa nyuma ya nyumba, nikamkuta peke yake akichagua mchele kwenye ungo. Mvi zimemwingia, mikono ni ile ile.

Nilimwambia pale pale, nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia mambo mengine. Nilisema beringi nilizitoa mimi, nilimsingizia, na nimekuja kumwomba radhi.

Hakuacha kuchagua. "Najua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipozungusha gurudumu. Zile mota nilikuwa nazifahamu."

"Kwa nini hukusema pale darasani?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe." Aliondoa jiwe, akalitupa majanini. "Wangeniamini nikisema, au wasingeniamini, sikujali sana. Nilitaka kuona kama utasema. Halafu muda ukapita."

Nikamwambia maneno mengi ambayo siyakumbuki vizuri. Aliniacha nimalize. Kisha aliuweka ungo chini.

"Mimi nilikwisha kuzoea," alisema. "Hapa natengeneza redio za watu, taa za sola, wanakuja. Kikundi chetu cha mdalasini hawajanipa funguo za ghala hata siku moja, na sijawahi kuziomba. Lakini mama, Stela. Mama alikuwa na sanduku lake dogo la bati. Tangu tuliposhuka kwenye gari siku ile niliyofukuzwa alifunga ufunguo wake kwa uzi kiunoni. Hakunisema hata siku moja. Nimemuuguza miezi minane, namlisha, namgeuza, na ufunguo uko kiunoni. Juzi tulipokuwa tunamwosha, uzi ule nimeukata mimi."

Kutoka ndani tulisikia wanawake wakiongea taratibu na mtoto akililia uji.

"Ungekuja mwezi uliopita," Hawa alisema, "angekusikia."

Niliuliza nifanye nini. Alifuta mikono kwenye kanga, akaonyesha mlango kwa kidevu. "Wote wako pale. Wajomba wako barazani, akina mama wako ndani, mlango uko wazi. Waambie."

Nilirudi. Nilisimama mlangoni, mahali ambapo wa ndani na wa barazani wangeweza kuniona, na nikasema nina neno. Mazungumzo yakakoma. Nikasema kwamba zamani, chuoni, kuna vitu viliibwa, na Hawa akafukuzwa kwa sababu hiyo, na kwamba aliyeviiba nilikuwa mimi. Nilisema nikiwa nimeinamia mikeka. Sauti yangu, ambayo maisha yangu yote watu wameisifu, ilitoka ndogo.

Mjomba mmoja alishusha kikombe chake. Ndipo yule mama mkubwa akaweka kiganja nyuma ya sikio na kunielekea.

"Mwanangu, wengine masikio yameshachoka," alisema. "Hatukusikia. Sema kwa nguvu."

Nikainua uso, nikasema tena.